Baba alirudi kutoka Uganda 1979, akalala kitini miaka arobaini akiutazama mlango. Tuzungumze kiwewe cha vita

#1 Mleta uzi

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wenzangu salaam.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Safari hii baba mwenyewe kaniruhusu. Nilimsomea aya za mwanzo kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema, "Andika, ila jina langu na la kijiji yaache." Kwa hiyo hayo msiniulize.

Baba ni mtu wa Singida. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa mgambo wa miaka ishirini. Mwalimu alihutubia taifa tarehe 2 Novemba, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hata sisi tuliozaliwa baadaye tunaijua kwa kuisikia redioni kila mwaka. Haikupita muda lori likapita kuwazoa vijana. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika elfu arobaini likavuka laki moja, kwa kuchanganya JKT, polisi, magereza na mgambo kama baba. Akapita Mutukula, Masaka, Lukaya. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Aliporudi kijijini na begi la turubai alichinjiwa mbuzi, akachezewa ngoma siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu akapewa jembe.

Hakuna aliyemuuliza lolote. Na yeye hakusema.

Nianze na niliyoyaona kwa macho, halafu nitaeleza niliyojifunza.

Baba hakulala kitandani. Alikuwa na kiti cha kamba alichokiegemeza ukuta wa sebuleni, uso mlangoni, panga chini ya kiti. Mlango wa uani aliupigilia mbao, mama akawa anazunguka nyumba nzima kwenda jikoni. Mama akitaka kumwamsha alisimama mbali, akanyoosha mti wa ufagio akamgusa kidole gumba cha mguu huku akimwita. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliwahi kumtikisa bega, akajikuta chini, amekabwa koo na mtu aliyefumbua macho lakini hamwoni. Hilo mama kanisimulia nikiwa mtu mzima. Sisi watoto tulijua tu kwamba baba haamshwi kwa mkono. Nilipokwenda bweni kidato cha kwanza nikaona wenzangu wanatikisana mabega alfajiri, nikashtuka, nikidhani wanatafuta ugomvi.

Migomba hakuipita. Kwetu ni kukavu, migomba ipo michache tu bondeni karibu na kisima, lakini baba alizunguka mlima mzima asipite chini yake. Mvua za kwanza zikianza, radi ikipiga juu ya bati, alitusukuma sote chini ya kitanda. Tulikuwa tunacheka, tukidhani ni mchezo. Nikikumbuka sasa jinsi mikono yake ilivyokuwa inatetemeka najisikia vibaya sana.

Saa kumi jioni alikuwa kilabuni kwenye mtukuru, pombe yetu ya kienyeji. Akirudi ama ni ugomvi ama ni kimya cha siku nne. Misiba hakwenda. Bibi, mama yake mzazi, alipofariki, baba alichimba kaburi tangu asubuhi hadi likaisha bila chozi wala neno. Watu wakasema ana roho ya jiwe. Wengine wakasema damu za watu zinamdai. Alipelekwa kwa waganga watatu, mbuzi wakachinjwa, baadaye akaombewa. Kila mara alitulia wiki mbili, kisha yakarudi.

2021 alipelekwa hospitali kwa ajili ya presha. Kijana mmoja wa kitengo cha afya ya akili, umri wa mdogo wangu wa mwisho, akamuuliza swali moja: "Mzee, usiku unalalaje?"

Baba akalia. Nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika faili, na sikujua nishike wapi. Miaka thelathini na mitano ya maisha yangu sikuwahi kumwona analia.

Ugonjwa wenyewe wataalamu wanauita kwa kifupi PTSD. Kiswahili chake bado kinatafutwa: wapo wanaosema msongo wa baada ya kiwewe, wapo wanaosema jeraha la nafsi. Mimi nasema kiwewe cha vita, kwa sababu mama alipolisikia neno hilo alielewa mara moja. Dalili zake zinakwenda kwa mafungu manne, na baba alikuwa nayo yote. Fungu la kwanza, tukio linarudi lenyewe, kwa ndoto au mchana kweupe, na linarudi likiwa zima, na harufu yake na baridi yake. La pili, mtu anakwepa kila kinacholikumbusha: hiyo ndiyo migomba. La tatu, moyo unaganda, anajilaumu, anajiona hafai, furaha na huzuni vyote vinakuwa mbali. Hilo ndilo kaburi la bibi. La nne, mwili haushuki kutoka kwenye tahadhari: kiti, panga, mlango, hasira, usingizi wa kuku. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na ikaharibu maisha, ndipo inaitwa ugonjwa. Siku za mwanzo baada ya balaa karibu kila binadamu anakuwa hivyo, na wengi hutulia wenyewe.

Yule kijana alituelezea hivi. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe. Ukikumbuka harusi yako unajua ilikuwa lini, ilianza vipi na iliisha vipi, na unajua imepita. Lakini hofu ikizidi kiasi, ubongo hauna nafasi ya kupanga. Unahifadhi vipande: mlio, harufu ya majani, maji miguuni. Vipande havina tarehe. Kikiguswa kimoja, ubongo unapiga kengele kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Mama alisikiliza, halafu akasema, "Kumbe kila usiku yuko Uganda."

Tafadhali, mwenye mzazi, mume au ndugu wa namna hii, aongezee. Nitarudi kueleza alivyotibiwa.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Mleta uzi, nimesoma mara mbili. Mjomba wangu alikuwa hivyo hivyo, alifariki 2004 kwa pombe. Lakini naomba niulize bila nia mbaya: una hakika si mambo ya kiroho? Kwetu mtu aliyeua vitani alikuwa anafanyiwa mila kabla ya kuingia nyumbani kwake. Huyu hakufanyiwa. Labda ndiyo maana.

#3 Mleta uzi

Mkuu, swali zuri, wala sitaidharau mila. Fikiria ile mila inafanya nini. Mtu anarudi, hakimbilii shamba siku ya tatu. Anatengwa kidogo na kupumzishwa. Wazee wanamsikiliza, anakiri alichokifanya na kilichompata, watu wanamwambia umerudi, wewe ni wetu. Kina mzee wa zamani walijua kwamba vita haviishi siku bunduki inaponyamaza. Baba hakupata hata hilo, alipata ngoma.

Ila baada ya miaka arobaini, kuchinja mbuzi peke yake hakukutosha. Na lile neno la damu zinamdai lilimwongezea mzigo, maana yeye mwenyewe alikuwa analiamini. Wataalamu wengine wanaliita hili jeraha la dhamiri: mtu anaumia kwa alichokiogopa, na anaumia pia kwa alichokifanya au alichoshindwa kufanya. Dawa ya hofu peke yake haifiki huko.

#4 Mchangiaji, askari mstaafu

Sijawahi kuchangia humu, nasoma tu. Nilikuwa Darfur kwenye ulinzi wa amani. Watanzania wenzetu saba waliuawa kwa kuviziwa Julai 2013. Desemba 2017 wengine wakashambuliwa usiku Semuliki kule Beni, Congo, tukapoteza zaidi ya kumi. Sitasema mimi nilikuwa wapi.

Niwaambie raia jambo moja. Askari haogopi kuumwa, anaogopa kuonekana anaumwa. Ukisema husinzii, unajiuliza: nitapewa silaha tena? Nitapanda cheo? Wenzangu wataniamini zamu ya usiku? Kwa hiyo unajibu "niko fiti afande", unakunja kijikaratasi cha maswali ulichopewa, unaondoka. Nimekunja hicho kijikaratasi mara nyingi.

Nyumbani nako mke anafurahi umerudi mzima, ana picha na zawadi, atakuelewaje ukimwambia unachosikia ni kelele za mtu mmoja tu anayeita maji? Unanyamaza. Unahamia chumba cha wageni. Unasema ni joto.

Mleta uzi, endelea kuandika. Hasa sehemu ya matibabu.

#5 Mleta uzi

Afande, pole, na asante kwa kuandika. Nimemsomea baba ulichoandika. Kasema: "Huyo mwambie mimi pia nilisema ni joto."

Matibabu. Sisi tulidhani atafundishwa kusahau. Miaka yote nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja: usimkumbushe. Redio ilizimwa Siku ya Mashujaa, picha zilifichwa sandukuni. Kumbe kukwepa ndiko kunakoulisha ugonjwa. Kila ukikwepa mgomba, ubongo unajifunza kwamba mgomba kweli ni hatari, na kwamba umepona kwa sababu umekwepa. Kesho hofu inakuwa kubwa zaidi.

Walichofanya ni kinyume, kwa utaratibu na kwa kumlinda. Siku ya kwanza yule kijana alitandaza kamba sakafuni, mita tatu hivi. Pembeni aliweka bakuli la mawe na maua aliyochuma nje ya wodi. Akamwambia, "Mzee, hii kamba ni maisha yako. Huku umezaliwa, huku tuko leo, na ncha hii iliyokunjwa ni siku ambazo bado. Kila jambo zuri weka ua. Kila jambo zito weka jiwe. Leo hatuelezi, tunapanga tu."

Baba alipiga magoti. Nilidhani mawe yatajaa. Akaweka ua kwa siku baba yake alipompa ndama. Ua kwa mama. Ua kwa kila mtoto wake, na langu alilishika muda mrefu kabla ya kuliweka. Mawe akaweka manne. Moja lilikuwa kubwa kuliko yote, akaliweka Lukaya, halafu akaligeuza upande wa bapa ukae chini vizuri, kama mtu anayeweka jiko.

Tangu hapo, kila wiki saa moja na nusu, wakawa wanatembea juu ya kamba kwa maneno, kuanzia utotoni, kwa mfuatano. Wakifika kwenye jiwe wanapunguza mwendo. Uliona nini? Ulisikia nini? Mwili ulikuwaje? Ulifikiri nini wakati ule? Na sasa hivi ukisema, mwili ukoje? Hawaondoki kwenye jiwe mpaka simulizi imefika mwisho na hofu imeshuka. Kijana anaandika, wiki inayofuata anamsomea, baba anasahihisha. "Hapana, haikuwa asubuhi, jua lilikuwa limezama." Kazi ni hiyo, kukipa kila kipande tarehe yake na mahali pake.

Lukaya, kwa wasioijua, ni mji mdogo kati ya Masaka na Kampala, ambako barabara inapita katikati ya kinamasi. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201, wengi wao mgambo ambao hawajawahi kuona mapigano, walishambuliwa na majeshi ya Amin na ya Libya kwa maroketi. Wakatawanyika kwenye kinamasi. Kesho yake JWTZ ilijipanga upya na kushinda, na hapo ndipo njia ya Kampala ilipofunguka. Kwenye vitabu ni ushindi. Kwa baba ni usiku mmoja ndani ya mafunjo, maji kiunoni, na rafiki yake wa kijijini aliyekuwa ameshika mkanda wake wa nyuma. Kuna wakati akahisi mkanda umekuwa mwepesi. Hakugeuka.

Hilo ndilo lililomweka kwenye kiti miaka arobaini. Familia ya rafiki yake inaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ndiyo maana misiba hakwenda.

Siku ya jiwe hilo kijana hakumwambia "si kosa lako". Watu tunakimbilia kusema hivyo na mgonjwa anafunga mlango. Alimuuliza maswali. Mzee, ulikuwa unaona umbali gani? Sioni hata mkono. Ulijua aliachia saa ngapi? Sijui. Ungegeuka, ungemtafuta wapi? Kimya. Nyuma yako walikuwapo wengine? Walikuwapo, kama wanane, walikuwa wananifuata mimi. Hao wanane walifika? Baba akakaa muda mrefu. Akasema, "Walifika." Hakuwa amewahi kuwahesabu hao.

Vikao vilikuwa kumi na moja. Nitaendelea.

#6 Mchangiaji, Nakuru

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nasoma nikiwa nalia. Mume wangu alikuwa KDF, jeshi letu la Kenya, alitumwa Somalia mara mbili, ametoka jeshini mwaka wa 2018. Hakuwa kwenye kambi ya El Adde iliposhambuliwa ile Januari ya 2016, lakini marafiki zake walikuwa huko, na hawakurudi.

Yeye shida yake ni barabara. Akiona katoni au mfuko umetupwa kando ya lami anakata kona ghafla, hata kukiwa na gari nyuma. Mwaka jana karibu atuue sote na watoto nyuma. Kwenye jam hawezi kukaa, anashuka, anatembea. Usiku anakagua madirisha mara saba, nimehesabu. Ananiambia mimi siwezi kuelewa, na kweli sielewi. Hospitali alipewa tembe za kulala, sasa hawezi kulala bila hizo na mbili hazimtoshi.

Nifanye nini? Tafadhali msiniambie nimwache, hilo nimeshaambiwa na kila mtu.

#7 Mchangiaji, nesi wa afya ya akili

Dada wa Nakuru, pole sana. Hilo la katoni lina maana kabisa. Somalia vilipuzi hutegwa kando ya barabara, na kule jicho lililoona katoni mapema ndilo lililomrudisha kwako. Ubongo wake unafanya kazi iliyomwokoa, ila haujaambiwa kwamba amefika Nakuru.

Kwanza vidonge. Kama ni diazepamu au jamii yake, asiviache ghafla, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Apunguziwe kidogo kidogo na daktari. Lakini ujue dawa hizo haziponyi kiwewe. Mwongozo wa mwaka 2023 unaotumika kwa wanajeshi na maveterani wa Marekani unashauri zisitumike kwa ugonjwa huu. Zinampa mtu ganzi na utegemezi, na zinaweza kuzuia ubongo usijifunze kwamba hatari imepita. Pombe ni vivyo hivyo: inaleta usingizi haraka, inauvunja usiku wa manane, na ndoto zinakuwa mbaya zaidi.

Dawa zenye ushahidi ni zile tunazotumia pia kwa sonona: setralini, paroksetini, venlafaksini. Zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na wengi wanaziacha wiki ya pili wakisema hazifai. Kwa ndoto mbaya wengine huandikiwa prazosini, ambayo asili yake ni dawa ya presha. Utafiti mkubwa kwa maveterani uliotoka 2018 haukuona tofauti na kidonge kisicho na dawa ndani, ingawa wapo wagonjwa wanaonufaika nayo.

Tiba ya mazungumzo ndiyo inayotangulia, na lazima iwe ya aina maalumu. Kumpa mtu moyo tu hakutoshi. Kuna ya kusimulia tukio kwa kurudia na kukabili taratibu yale anayoyakwepa, kwa kawaida vikao 8 hadi 15. Kwa mumeo ingeweza kuwa: leo mnakaa kwenye gari lililozimwa karibu na katoni tupu, mpaka kengele ishuke yenyewe. Wiki ijayo gari limewashwa. Anapanda ngazi moja moja, yeye mwenyewe akikubali kila ngazi, na mtaalamu akiongoza. Usijaribu peke yako. Kuna ya kuchambua mawazo ya kujilaumu, vikao 12 hivi. Kuna ya kufuatisha vidole kwa macho huku ukishika kumbukumbu, nayo ina ushahidi mzuri. Ile ya kamba aliyoieleza mleta uzi imejaribiwa jirani kabisa, kambi ya Nakivale nchini Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia. Waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa, hawakuwa madaktari. Matokeo yalitoka 2008: miezi tisa baadaye, takriban saba kati ya kumi hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa. Waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa chini ya wanne kati ya kumi.

Sitawadanganya kwamba kila mtu anapona. Kwa maveterani hasa ni vigumu zaidi. Mapitio ya tafiti za Marekani yaliyotoka 2015 yalionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya waliopata tiba hizo bado walikuwa na ugonjwa walipomaliza, ingawa wengi walikuwa na nafuu kubwa. Nafuu ya kulala saa tano badala ya mbili ni kitu kikubwa, muulizeni asiyelala.

Na mwisho, dada, muulize mumeo waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Sumu ya panya, dawa za shamba, silaha kama ipo, viondoke nyumbani. Na kama anakupiga, wewe na watoto mtafute pa kulala kwanza. Ugonjwa unaeleza hasira, haukupi wewe wajibu wa kuivumilia.

#8 Mchangiaji, Tanga

Mimi nitatofautiana. Haya ni magonjwa ya wazungu, yameletwa na simu na wanasaikolojia. Babu yangu alikuwa Keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza, alipigana Burma na Wajapani. Alirudi, akalima, akaoa wake wawili, akaishi miaka themanini. Hakuumwa hicho kiwewe.

#9 Mleta uzi

Mkuu, heshima kwa babu. Naomba nikuulize, alikuwa anawasimulia nini kuhusu Burma?

#10 Mchangiaji, Tanga

Hakuwa anasimulia. Tulikatazwa kumuuliza.

#11 Mleta uzi

Nimekuelewa, mkuu. Wala sisemi aliumwa. Wengi wanaopita vitani hawapati ugonjwa huu. Wamarekani walipowachunguza maveterani wao wa Vietnam miaka ya 1980, walikuta wanaume takriban 31 kati ya 100 waliwahi kuupata wakati fulani, na 15 walikuwa nao bado siku wanahojiwa, zaidi ya miaka kumi tangu vita viishe. Maana yake 69 hawakuupata.

Ila hilo la wazungu, hata wazungu wenyewe waliukataa ugonjwa huu muda mrefu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari Jacob Da Costa aliandika 1871 kuhusu askari wenye mioyo inayodunda bila ugonjwa wa moyo. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza, Charles Myers, akaandika juu ya askari waliopotewa na kumbukumbu na kuona kwa mshtuko wa mizinga, na wengi wakadhani bomu limetikisa ubongo. Kisha wakaletwa wanaotetemeka ambao bomu halikuwakaribia. Wakaitwa waoga. Katika vita hivyo Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe zaidi ya 300 kwa kutoroka, uoga na makosa kama hayo, na wapo wanaoaminika kuwa walikuwa wagonjwa. Walisamehewa 2006, wakiwa makaburini miaka tisini. Jina la sasa liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya maveterani wa Vietnam wenyewe kukaa kwenye vyumba vya mazungumzo na kudai wasikilizwe.

1980. Baba alikuwa na mwaka mmoja nyumbani. Ugonjwa ulipata jina akiwa tayari kwenye kiti.

#12 Mchangiaji, Tanga

Nimempigia shangazi. Anasema babu alikuwa anapiga kelele usiku kwa lugha ya jeshi na bibi alikuwa akimwimbia mpaka anyamaze. Sikuwahi kuambiwa. Nimesoma, nanyamaza.

#13 Askari mstaafu

Mleta uzi, baba yako yukoje sasa? Kwa hesabu yangu alikuwa na zaidi ya sitini wakati anaanza. Mimi nina hamsini na moja. Najiuliza kama si kuchelewa.

#14 Mleta uzi

Afande, alianza na miaka sitini na mitatu.

Kikao cha mwisho kijana alimsomea simulizi nzima toka kuzaliwa, kurasa kumi na nane za daftari. Ikatiwa sahihi na baba, na kijana, na mimi kama shahidi. Baba akaomba nakala mbili. Ya pili aliipeleka nyumba ya tatu, kwa mdogo wa rafiki yake, ambaye naye sasa ni mzee. Walikaa chini ya mti tangu asubuhi hadi ng'ombe wakarudi. Sijui walisemezana nini. Jioni yule mzee alimsindikiza baba mpaka mlangoni, na kwetu mtu humsindikizi hivyo kama una kinyongo naye.

Hajawa mtu mpya. Mvua za kwanza bado zinamkausha mdomo, mwaka jana alitoka nje kabisa akasimama kwenye mvua ili aone kwamba ni mvua. Mtukuru hakuacha moja kwa moja, amepunguza. Mlango wa uani kaubandua mbao mwenyewe, mama akafagia vumbi la miaka yote hiyo. Migomba bado. Kijana alimwambia hilo atalifanya akitaka.

Analala kitandani, upande wa mlangoni. Mama bado anamwamsha kwa mti wa ufagio. Nilimuuliza kwa nini, akasema mkono umezoea.

Kwa vitendo: anzia kitengo cha afya ya akili hospitali ya mkoa au ya rufaa iliyo karibu, au hospitali ya jeshi kama bado una haki hiyo. Usiseme "sijisikii vizuri", utapimwa malaria na kurudishwa. Sema "nilikuwa vitani, silali, na mambo ya kule yananirudia". Ukimkuta asiyejua, omba mwingine. Sisi hospitali ya kwanza tuliyokwenda, miaka ya nyuma, tuliambiwa mzee apunguze mawazo.

#15 Mchangiaji, Nakuru

Nimemwonyesha mume wangu uzi huu jana usiku. Amesoma kwa simu yangu akiwa dirishani. Hakusema kitu. Leo asubuhi ameniuliza, "Yule mzee wa mkanda, alisema walifika?" Nikamwambia walifika. Amekubali twende Alhamisi.

#16 Askari mstaafu

Alhamisi na mimi nakwenda. Nimeshamwambia mke wangu kwamba halikuwa joto.

#17 Mleta uzi

Mungu awatangulie wote wawili. Dada, mara ya kwanza usimwache aingie peke yake, na msiende na watoto. Mbebe chakula, foleni ni ndefu. Baba siku ile aligeuka getini mara mbili, na mara zote mbili mama alikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, akafungua chupa ya chai, akamngoja.